Tawi kwenye Njia ya Kulia

Mtu aliyemharibia kaka yangu maisha alikuja nyumbani kwetu Kasongo siku ya nne baada ya ajali, akaketi barazani na baba, akaapa kwa Mungu wake na kwa Mungu wetu kwamba hana kosa, kisha akala wali wa mama. Alipomaliza akaomba ukoko. Mama akamkwangulia sufuria. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesimama nyuma ya pazia na birika la maji ya kunawa, na kila mkwaruzo wa kijiko niliusikia kwenye meno yangu. Kaka alikuwa chumba cha ndani, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake, maana fundi wa mifupa alisema godoro laini litampindisha nyonga.

Kwetu kaka mkubwa ni yaya. Yaya wangu alikuwa anasikia kila neno.

"Mimi nilifunga njia, mzee," yule mtu alimwambia baba. "Tawi kubwa, majani yake mapana. Kijana aliruka."

"Na hilo tawi liko wapi? Waliomtafuta hawakuliona."

"Upepo, mzee. Mulima iko na upepo."

Baba alikuwa mwenye duka la vitambaa, mtu wa kuamini kiapo. Akanyamaza. Kimya chake kilitoka barazani, kikavuka barabara, kikafika sokoni kabla ya adhuhuri, na kufika huko kilikuwa kimeshakuwa hukumu.

Lazima nieleze habari ya tawi. Upande wa Kabambare kuna mlima ambao pikipiki haziwezi kuupanda, na anayetaka kufika machimbo yaliyo ng'ambo yake, kwa njia ya Salamabila, bila kuzunguka siku mbili, huupanda kwa miguu nyuma ya mtu anayeujua. Watu wa kazi hiyo huitwa watangulizi. Msimu wao ni kiangazi, mito ikiwa imepungua na udongo umeshikana. Lakini kule juu kiangazi ni neno la watu wa chini. Asubuhi unaondoka na vumbi kwenye kope. Saa sita mvua ya mawe inakupiga kisogoni na ukungu unakunyima hata vidole vyako.

Kwa sababu hiyo mtangulizi akifika penye njia panda hukata tawi lenye majani mabichi, akalilaza juu ya njia isiyofaa. Njia hiyo imefungwa. Walio nyuma hawaulizi. Hutazama tawi, hufuata njia iliyo wazi. Majani yakiwa yamelegea wanajua wenzao wamepita zamani, yakiwa bado yanang'aa wanaongeza mwendo. Hata mtoto anayetumwa kisimani kwetu anajua sheria hii. Na anayeruka tawi ni mmoja wa watu watatu: mwizi, mwehu, au mtu ambaye kwao hakufunzwa.

Yaya hakuwa yeyote kati yao. Alikuwa anarudi kutoka machimboni alikokwenda kuuza vitenge, wa mwisho katika mstari kwa sababu ya mzigo. Mvua ya mawe ikawakuta kwenye mgongo wa mlima. Wenzake wakakimbia na mtangulizi wao, yule yule aliyekuja kula ukoko kwetu. Yeye akafika peke yake pale panda, kwenye bega la mlima, ambapo njia ya kulia inashuka kijijini na ya kushoto inaingia kwenye mteremko wa majani mafupi, mzuri, laini, kama uwanja wa kuchezea, na baada ya uwanja huo hakuna kitu. Hakuona tawi lolote. Akashika kushoto. Walimkuta kabla ya jua kuzama amenaswa kwenye mti uliomea mwambani, nyonga imevunjika, bado amelikumbatia robota la vitenge.

Alipopona, kama kule ni kupona, mguu mmoja ulikuwa mfupi. Watu wa mchumba wake, kule Lusangi, walirudisha posa kwa adabu zote. Mjomba wa msichana alisema mguu si neno, mguu ni kazi ya Mungu, lakini kuruka tawi ni kazi ya mtu mwenyewe. Yaya akaanza kutengeneza baiskeli kando ya barabara, kazi ya kukaa. Wateja wakampa jina.

"Ruka-Tawi, nitie upepo!"

"Ruka-Tawi, hii breki ikikatika nitaruka kama weye?"

Naye alicheka nao. Alikuwa na kicheko kipya, kifupi, cha kumaliza maneno. Nilikijua kicheko chake cha zamani, na kila nilipokisikia hiki nilimkumbuka mtu mmoja na ukoko mdomoni.

Nilikwenda Bukavu kusoma, nikarudi. Kwa miaka ile yote nililala na kuamka na jambo moja. Sikutaka mtu yule afe, wala augue, wala nyumba yake iungue. Nilitaka kinywa chake kiseme mbele ya watu kwamba tawi halikuwepo. Basi. Wengine huomba watoto, huomba safari. Mimi niliomba sentensi moja.

Kiangazi cha mwaka niliorudi nilimwambia mama naenda Lusangi kumsalimu shangazi. Nikapanda pikipiki hadi kijiji kilicho chini ya mlima.

Pale watangulizi hukaa kungoja watu, chini ya paa la mabati la mama mmoja anayeuza chai na mihogo ya kukaanga. Mume wake alikuwa mtangulizi, mlima ukamchukua, na tangu hapo yeye ndiye anayepanga zamu zao. Hakuna anayepanda bila yeye kuinua mwiko. Nilimkuta yule mtu amekaa kwenye kigogo, mvi zimemwingia kidevuni, anapuliza chai. Alinitazama usoni. Nilikuwa na macho ya yaya, pua ya yaya. Hakuona kitu.

"Unaenda machimbo, binti?"

"Hapana, baba. Nataka kufika juu, kisha nirudi leo leo."

"Juu kuko nani?"

"Hakuna mtu."

"Sasa unaenda kusalimia nani?"

Mama wa chai akacheka hadi mwiko ukatikisika. "Mwache! Batu ba masomo, bakichoka kusoma vitabu banaenda kusoma mawe. Mupeleke, ni zamu yako."

Tukaondoka. Anga lilikuwa jeupe kwa moshi wa mashamba yaliyochomwa, na jua lilikuwa jekundu kama jeraha lililofunguliwa bandeji. Alitembea mbele yangu bila haraka, panga begani, turubai limekunjwa na kufungwa kiunoni. Nasema kweli, ingawa inaniuma: alikuwa mtangulizi mzuri. Alinifundisha kuweka kisigino kwanza kwenye kokoto, kutokanyaga jiwe lenye manyoya ya kijani, kushika mzizi wala si majani. Nilipoanza kuhema alisimama na kujifanya anafunga kiatu.

"Sikia sheria moja," alisema. "Kurudi ni neno yangu. Ukichoka, sema umechoka. Ukiogopa, sema unaogopa. Lakini 'turudi' nitasema mimi. Mulima haipendi batu bawili bakisema."

Tulipofika pale panda alisimama mwenyewe, bila kuulizwa. Akaweka panga chini.

"Hapa ndipo yule kijana wa Kasongo aliruka tawi."

"Aliruka vipi?"

Akanionyesha. Akakunja suruali hadi magotini, akajikunja mgongo kama mtu mwenye mzigo, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, kisha akaruka, miguu yote miwili, akatua na kutoa macho: "Aaa-yooo!" Alikuwa amelifanya tendo lile mara nyingi, lilikuwa limekomaa, lina mahali pa kusubiri kicheko. Yaya wangu alikuwa amefanywa mchezo wa kuwapumzisha wasafiri.

Nami nilicheka. Katika yote niliyofanya siku ile, hilo ndilo ninaloona aibu nalo.

Tulifika juu saa tano na kitu. Juu kulikuwa na mawe, majani makavu yanayolia kwa upepo, na upande wa magharibi ukungu wa moshi ambao nyuma yake, alisema, siku safi Lualaba huonekana kama uzi. Sikutazama Lualaba. Nilitazama kisogo chake. Nilikuwa nimekariri maneno ya kumwambia pale, nikiwa nimesimama juu ya mlima wake: mimi ni binti wa fulani, wewe ulikula kwetu. Nilifungua mdomo, na upepo ukageuka.

Uligeuka kama mtu anayeitwa kwa nyuma. Ulikuwa unatoka bondeni, wenye joto. Mara ukatoka mashariki, wenye baridi ya chuma. Akainua pua.

"Turudi."

"Lakini anga—"

"Nimesema neno yangu. Turudi."

Hatukufika mbali. Wingu lilipanda kutoka chini, jambo ambalo sijawahi kulizoea, kwamba kule wingu linakukuta miguuni. Kisha radi. Kisha mvua ya mawe, kwanza machache yakiruka juu ya miamba kama punje za mahindi kwenye kikaango, halafu yote. Ardhi ikawa nyeupe. Yule mtu akanivuta chini ya jiwe, akafungua turubai, akanifunika mimi. Yeye akabaki nje ameinama, mikono juu ya kichwa. Nilimwona damu ikimtoka juu ya sikio. Nilimchukia zaidi. Ubaya wake nilikuwa nimejiandaa nao. Wema wake uliniingia kama mchanga kwenye chakula.

Mawe yalipopungua tukashuka tena, na hapo ndipo alipoteleza. Goti likampinda. Akakaa chini, akalishika, akapiga yowe moja, akanyamaza. Radi ikapasuka juu yetu.

"Miye nitakuja pole pole," alisema. "Ukikaa hapa utakufa na baridi. Mgongo wa mulima ni huu huu, huwezi kupotea mpaka panda. Chukua panga." Akanisukumia mpini. "Ukifika panda, kata tawi, funga ya kushoto. Shuka ya kulia, kuko jiwe kubwa, jifiche, unisubiri. Umesikia? Kushoto ndiyo unafunga. Miye siwezi kuona hata mkono yangu."

"Nimesikia, baba."

Niliondoka mbio. Meno yalikuwa yanagongana. Nilifika pale panda nikaona kwa nini hata wao, waliopita hapo mara nyingi kuliko mlangoni kwao, huamini tawi kuliko macho: kila kitu kilikuwa cheupe, na midomo ya njia zile mbili ilifanana kama pacha. Kulikuwa na kichaka kando. Nikakata tawi. Majani yake yalikuwa mapana.

Nilisimama nalo mkononi. Watu wananiuliza kama nilipagawa, kama baridi ilinitoa akili. Hapana. Sijawahi kuona mambo wazi namna ile. Niliona kwamba nikilaza tawi kwenye njia ya kulia, yule mtu atafika, atalitazama, na atakuwa na mambo mawili tu ya kufanya. Ama atalitii, na atakwenda kule alikokwenda yaya. Ama atalikataa, atalivuka kwa miguu yake mwenyewe, na tangu siku ile jina alilomletea yaya litakuwa lake.

Nikalilaza kulia. Nikaliweka vizuri, kitako upande wa kichaka, majani yamefunika njia nzima. Nikalipita kwa pembeni, nikashuka hatua kama ishirini, nikaketi chini ya lile jiwe.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimekusudia kumwita mapema. Sijui. Nilikaa na panga mapajani, nikasikiliza.

Alikuja akiburuta mguu. Akasimama. Ukungu ulikuwa mzito lakini sauti ilipita ndani yake kama ndani ya maji. Nilimsikia anapapasa majani kwa mkono.

"Kumbe kulia ndiyo mbaya," alisema peke yake. "Ukungu imenigeuza kichwa." Halafu, kwa sauti ya mtu anayefurahi: "Mutoto amefunga muzuri."

Akaenda kushoto.

Nilisikia hatua zake zikiingia kwenye majani mafupi, mguu mzima, mguu mbovu, mguu mzima. Nilimwacha aende. Niliacha hatua nyingi zipite, sikuzihesabu. Ndipo nikaita.

"Baba! Simama hapo."

Hatua zikakoma. "Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Hata miye niko njiani."

"Wewe uko kwenye njia ya yaya wangu."

Kokoto moja ikamtoka chini ya mguu, nikaisikia ikiviringika, ikiviringika, kisha nisiisikie tena. Naye aliisikia. Alijua yuko wapi, bila kujua ukingo uko mbele, kulia au nyuma.

"Weye ni nani?"

"Ulikula kwetu. Mama alikukwangulia sufuria."

Alivuta pumzi kwa nguvu. "Binti. Nielekeze."

"Siku ile ulifunga njia?"

"Nilifunga."

"Basi endelea."

"Binti!"

"Kama ulifunga, huna deni na mlima. Endelea, baba. Tangulia."

Radi ikapiga mahali, si mbali. Nikasikia anaketi chini, taratibu, kama mzee anayeketi msikitini. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sikufunga."

"Sema kwa nguvu."

"Sikufunga! Radi ilikuwa kila pande. Panga ni chuma, radi inapenda chuma. Nikaitupa. Nikaitupa juu kule, nikakimbia. Sasa tawi ningekata na nini?"

"Mikono ulikuwa nayo."

"Mikono ilikuwa inatetemeka." Alikuwa analia, au ni baridi. "Mutangulizi mwenye kutupa panga, nani atamufuata tena? Niko na watoto. Nikasema kijana aliruka. Yeye alikuwa hai, nikaona jina si kitu."

Nikatazama panga lililokuwa mapajani mwangu. Radi ilikuwa inazunguka mlima, na yeye alikuwa amenipa mimi chuma.

Sikumwambia kwamba nimeliona hilo. Nilianza kuimba tu, wimbo wowote, ili aifuate sauti, kwa sababu nilikuwa nimepata nilichotaka na sikuhitaji kifo juu yake. Alirudi kwa mikono na magoti. Alipofika kwenye tawi alilitazama muda mrefu, akalizunguka kwa pembeni kama nilivyofanya mimi.

Tulishuka. Ukungu ulikuwa unapasuka na jua linaingia kwenye nyufa, jua la kiangazi, lisilo na habari na mtu. Karibu na kijiji alisimama.

"Unajua ulichofanya? Kufunga njia nzuri ni kuua. Hata wachawi hawafungi njia nzuri." Alipangusa damu kavu shavuni. "Ukisema yangu, nitasema yako. Tutafukuzwa bawili. Tunyamaze, mutoto yangu."

Sikujibu. Alidhani nimekubali.

Chini ya paa la mabati walikuwepo watangulizi watano au sita na waendesha pikipiki wawili, wote wamekimbia mvua. Mama wa chai akampa kigogo cha kukalia, akamkanda goti kwa maji ya moto. Chai ya kwanza ikamrudishia rangi. Ya pili ikamrudishia ulimi.

"Huyu binti," alisema akininyooshea kikombe, "leo karibu aruke tawi kama yule wa Kasongo! Nimemukamata na shati!"

Wakacheka wote. Akaweka kikombe chini, akaanza kukunja suruali, apate kuwaonyesha, goti au bila goti.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiuliza njiani kama nitaweza, sasa sikujiuliza.

"Yule wa Kasongo ni yaya wangu. Hakukuwa na tawi. Huyu amekiri leo, kule juu."

"Nani amekiri?" alisema, akitazama wenzake kwa mshangao mzuri sana. "Mawe ya mvua yamemupiga kichwa."

"Amekiri kwa sababu nilifunga njia ya kulia. Kwa mkono wangu. Nilimpeleka kushoto, nikamwambia aseme au aendelee."

Kicheko kilikatika. Mwendesha pikipiki mmoja aliinuka akahamia mbali na mimi, kabisa, kama mtu anayehama moshi. Mama wa chai aliutoa mwiko ndani ya mafuta.

"Rudia."

Nikarudia. Akawatuma watu wawili kwenda kutazama. Tulikaa. Hakuna aliyenipa kikombe. Mihogo iliungua kwenye kikaango na mama hakuigusa. Waliporudi walikuwa wamelibeba tawi, majani bado mabichi.

"Ilikuwa kulia," mmoja alisema.

"Basi ni mwuaji, na mwuaji ni mwongo!" yule mtu akapaza sauti. "Mutamuamini huyu?"

"Mimi nasikiliza kwanza," alisema mama wa chai. Akanigeukia. "Alikuambia nini tena, zaidi ya hiyo 'sikufunga'?"

"Kwamba alitupa panga lake kwa kuogopa radi. Kule juu. Ndiyo maana hakuweza kukata."

Mtangulizi mmoja mwenye pengo, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akakohoa. Alionekana kama mtu aliyebanwa na haja. Akachomoa panga lake kiunoni, akaliweka juu ya meza, kati ya vikombe. Mpini ulikuwa umefungwa kwa waya mwekundu, wa zamani.

"Hii niliiokota pale juu," alisema, "kiangazi kile kile. Nilijua ni ya nani, waya hii tunaijua bote. Nilingoja aiulize. Hakuiuliza hata siku moja. Nikasema labda ameninyamazia kwa wema."

Yule mtu alikuwa anashusha mguu wa suruali, polepole, akiunyoosha mkunjo kwa kiganja.

Hukumu ya mama wa chai ilikuwa fupi. Yeye hatatangulia tena mtu yeyote, na kabla mwezi haujaisha atakwenda Kasongo na wenzake wawili, akaseme mbele ya yaya na mbele ya barabara. Kisha akanitazama mimi, na sikuona huruma.

"Na weye, mulima huu usiukanyage tena. Mume yangu alikufa kule akitafuta tawi. Toka mbele yangu."

Nikatoka. Mwendesha pikipiki aliyenirudisha hakusema neno hadi Kasongo, na katika vijiji vya kule mimi sasa nina jina langu, baya kuliko la yaya. Nalistahili. Kesho ningefanya yale yale.

Yaya nilimweleza jioni niliyofika, amekaa kati ya tairi zake. Alisikiliza hadi mwisho huku akisugua mnyororo kwa mafuta ya taa.

"Na kama angeanguka?"

"Angeanguka."

"Na mimi ningeishi vipi na hilo?" Akatupa kitambaa. "Hukuniuliza. Wote mnanibebea maisha yangu bila kuniuliza, yeye na wewe." Hakunisemesha siku tisa.

Siku ya kumi walikuja, watu watatu wenye vumbi la safari, asubuhi, wakati barabara imejaa baiskeli za watu wa soko. Yule mtu alikuwa anachechemea. Akasimama mbele ya yaya. Wateja wakasogea karibu, maana habari ilikuwa imetangulia. Yaya alikuwa ananyoosha gurudumu, hakuinua kichwa. Alilizungusha, akalisikiliza, akakaza njiti moja, akalizungusha tena. Alimwacha yule mtu amesimama juani hadi gurudumu likazunguka bila kuyumba. Ndipo akafuta mikono.

"Sema."

"Tawi halikuwepo," yule mtu alisema. "Sikufunga njia. Nilikuongopea."

Yaya akaweka kiganja nyuma ya sikio, akageuza shingo kuelekea upande wa pili wa barabara, ambako muuza mihogo alikuwa amesimama na sinia kichwani.

"Yule mama hakusikia. Sema tena."

Akasema tena.

"Na wale wanaotoka msikitini, wamefika sasa hivi, hawajui tunaongea nini. Tena."

Alisema mara ya tatu, kwa sauti kubwa, jasho likimtoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa jirani, na nilimwona yaya anavuta kigoda chake, anaketi sawasawa na kuunyoosha mguu wake mfupi mbele yake barabarani, kama mtu anayejiandaa kwa mazungumzo marefu.

"Sasa anza mwanzo," alisema. "Anza na radi."